Mguu wa Kulia

Nimeukata mguu wangu wa kulia
kwa mkasi wa kukatia mapezi,
juu kabisa, karibu na nyonga.
Haukutoa damu.
Ulitoa vumbi la saruji
na njugu moja iliyokauka
tangu enzi za zamu ya usiku.

Ovaroli hii ilikuwa ya buluu.
Sasa rangi yake haina jina.
Miaka ishirini na sita ilipanda na kushuka melini Kilindini
nami nikiwa ndani yake,
tukibeba ngano, mbolea,
marobota ya mitumba,
nguo za watu tusiowajua.
Hatukudhani, mimi wala yeye,
kwamba iko siku tutatumwa ndimu.

"Geuza ndani iwe nje," asema Mejumaa.
Ameketi mkekani, mgongo ukutani,
uso kauelekeza dirishani kwa mazoea tu,
maana mboni zimeingia maziwa.
La kushoto liko kwenye foleni ya hospitali.
La kulia, asema, limechoka kupanga foleni.
"Nimegeuza."
"Hujageuza. Kitambaa nimekisikia."
Nageuza.

Mimi niliyepitisha kamba nene kama mkono
kwenye pete ya chuma, mvua ikinyesha,
winchi ikilia juu ya kichwa,
leo uzi wa shilingi kumi wanishinda.
Nalamba, nalenga, nakosa.
Nalamba tena.
"Nipa."
Akautia sindano na uzi ncha ya ulimi,
akanyamaza kidogo kama anayeonja chumvi ya mchuzi,
akanirudishia: umepita.

"Haya. Nenda mbele hatua moja, rudi nusu,
kama mtu aliyesahau ufunguo."
Basi nikaenda, nikarudi,
nikasahau funguo mia mbili
toka kiunoni hadi kwenye pindo,
huku nje Kisauni yote ikipiga honi
na jirani akikaanga bajia.

(Yule kijana wa viazi pale Kongowea
aniuzia viazi vya thelathini
na mfuko wa kuvitilia ishirini.
Zamani nailoni ilikuwa bure,
ikapasuka kabla hujafika barabarani,
ukaokota vitunguu miguuni mwa watu.
Siilaumu serikali. Namlaumu kijana.)

Nikamaliza. Akanyosha mkono.
Kidole chake kikaanza kuusoma mshono
polepole, toka chini:
"Hapa ulikuwa mlevi.
Hapa umelevuka.
Hapa umejidunga, pana unyevu."
Kikapanda.
Kikafika gotini, kikasimama.

Pale pana kiraka cha khaki, pembe nne,
mshono wake umelala sawasawa
kama mstari wa daftari.
Msumari wa kontena ulinipasua
mwaka ule Kibibi yuko darasa la tano.
Mejumaa akazunguka pembe ya kwanza, ya pili,
akarudi ya kwanza.

"Nani kashona hapa?"

Nikatazama jiko. Mkaa ulikuwa haujashika.
"Fundi mmoja," nikasema. "Alitaka kikombe cha chai."
"Alikuwa na mato mazuri, huyo."
"Mazuri sana."
"Na chai hakulipwa."

Nikaenda kuteleka maji.

Leo asubuhi nimetoka na mguu begani,
mshipi wangu wa kazini ndio mkono wake.
Ndimu kumi, mafungu mawili ya mchicha, nazi.
Nazi ikateremka ikatua mahali pa goti,
mwenye mkokoteni akanipisha,
akatazama tena, akacheka.
Kijana wa viazi kanyosha mfuko wake wa ishirini.
Nikampanulia paja.

Wa kushoto ungali msumarini.
Niliporudi nimemkuta anaupapasa,
juu hadi chini, nyuma na mbele,
asikute kitu.
"Mzima huu," akasema,
kama mtu aliyenyimwa.